Goti la Akhwari na goti la mtoto

Ni nadra mashindano ya michezo ya shule nchini Tanzania yafungwe bila mgeni rasmi kumtaja John Stephen Akhwari. Kisa chenyewe kinajulikana. Oktoba 20, 1968, mjini Mexico City, mkimbiaji huyo wa kutoka Mbulu aligongana na wenzake katika marathoni ya Olimpiki, akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa bendeji, akaendelea. Jua lilikuwa limeshazama alipoingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kutwaa dhahabu. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, naye alikuwa wa 57.

Kinachosahaulika ni umri wake. Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, mifupa imeshakomaa zamani, na mwilini ana miaka mingi ya mazoezi. Isitoshe, baada ya Mexico alitibiwa, akapona, akarudi barabarani, na mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh akashika nafasi ya tano kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Mgeni rasmi huwa hafiki Edinburgh. Anaishia kwenye bendeji, na mtoto wa miaka 13 aliyekaa kwenye nyasi, ambaye goti linamuuma tangu mwezi wa nne, anaondoka akiamini kwamba kuumia ndiko kujituma.

Goti la mtoto huyo ni habari nyingine kabisa. Mifupa ya mtoto hurefukia kwenye ncha zake, mahali penye tabaka laini la gegedu ambalo bado halijawa mfupa. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana karibu na 14. Katika kipindi hicho mfupa hutangulia na misuli hubaki nyuma, imevutika kama kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa mno. Kila shuti na kila mruko, misuli ya mbele ya paja inaivuta kano iliyojishika chini kidogo ya pia ya goti, na hapo ndipo penye gegedu laini. Panavimba, panaota kinundu, pakiguswa kijana anashtuka. Madaktari wanauita ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Uwanjani unaitwa uvivu.

Kwa walio wengi maumivu hayo hutulia urefu ukishakoma. Hakuna haja ya kumfungia mtoto ndani, wala ya kumchua kile kinundu mpaka machozi yamtoke, kama wanavyofanya baadhi ya watu wazima wenye nia njema na mikono mizito. Kinachotakiwa ni kupunguza kwa wiki kadhaa yale yanayolivuta goti zaidi, yaani kuruka, kukimbia kasi na kupiga mashuti mfululizo, na kubakiza yanayovumilika: pasi fupi, baiskeli, kuogelea penye maji salama, mazoezi ya tumbo na mgongo. Kipimo rahisi ni mwendo wake. Kijana ambaye maumivu yake ni madogo na kesho yake asubuhi yameisha, anaweza kuendelea taratibu. Anayechechemea, anayeamshwa na maumivu usiku, au ambaye goti limejaa na kupata joto, huyo ni wa hospitali, tena asisubirishwe mpaka mashindano yapite.

Mzazi mwenye kipande cha mkaa anaweza kuiona hatari kabla haijafika. Amsimamishe mtoto ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, achore mstari juu ya kichwa na kuandika tarehe pembeni, kisha arudie kila baada ya miezi mitatu. Mistari ikianza kuachana ghafla, ni msimu wa kupunguza mzigo. Ndio msimu huohuo kijana aliyekuwa fundi wa chenga anaanza kujikwaa kwenye mpira wake mwenyewe, kwa kuwa miguu imerefuka ilhali kichwa bado kinatumia vipimo vya mwaka jana. Kocha asiyelijua hilo anamweka benchi, na kijana naye anaamini kipaji kimeyeyuka.

Ukuaji unadanganya hata macho ya wazoefu. Mwaka 1985 watafiti nchini Kanada walionyesha kwamba wachezaji wa magongo ya barafu waliofika ngazi za juu walikuwa wengi wao wamezaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Maelezo yake ni mepesi: umri wa timu za watoto ulikatwa Januari 1, hivyo aliyezaliwa Januari alimzidi aliyezaliwa Desemba karibu mwaka mzima wa kula na kukua, akaonekana ana kipaji, akapewa kocha bora na mechi nyingi zaidi. Anayechagua timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, kwa kutazama nani ana mabega mapana anafanya kosa lilelile, na hapo hatujagusa habari ya vyeti vya kuzaliwa vinavyopungua miaka kila msimu wa mashindano ukikaribia. Kijana mdogo wa umbo anayejua kusoma mchezo anastahili kubakizwa kwenye kikosi miaka miwili zaidi. Mwili utamfikia.

Halafu kuna mzigo wenyewe. Mchukulie mvulana wa kidato cha pili anayejua mpira. Jumatatu hadi Ijumaa jioni yuko na timu ya shule. Jumamosi anaitwa na timu ya mtaa. Jumapili kuna kombe la mbuzi kijiji cha pili, na nahodha amekuja mwenyewe nyumbani kumwomba mama yake. Kati ya hapo anatembea kilomita kadhaa kwenda shule, anachota maji, na wakati wa mapumziko anacheza chandimu na wenzake. Kila mwenye timu anaona saa zake mbili tu. Anayezibeba zote ni mmoja.

Utafiti uliofanywa Chicago kwa mamia ya wanamichezo watoto ulitoa kipimo ambacho madaktari wengi wa michezo wamekipokea: saa za michezo ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Mwenye miaka 13, saa 13. Waliozidisha hapo walionekana zaidi kati ya wenye majeraha makubwa ya kutumika kupita kiasi, yale yanayojengeka polepole bila mtu kugongwa wala kuanguka. Kipimo hiki kina ulegevu wake, maana saa moja ya kupanda mlima si sawa na saa moja ya danadana, ila kina faida moja kubwa: kinamlazimu mtu mmoja, mzazi au mwalimu wa michezo, akae chini na kujumlisha. Siku moja au mbili za kupumzika kila wiki nazo ni lazima. Misuli hujengeka mtu akiwa amelala na ameshiba, wakati mwili unakarabati ule uchakavu mdogomdogo ulioletwa na mazoezi. Ukarabati ukikosa nafasi, mazoezi ya kesho yanafanyika juu ya nyumba yenye nyufa.

Kambi za kujiandaa na mashindano zina dosari yake hapa. Kijana aliyekuwa akifanya mazoezi mara tatu kwa wiki anaingia kambini, na kuanzia siku hiyo anakimbizwa asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Anafika kwenye mashindano amechoka kuliko siku aliyochaguliwa. Mwalimu mwenye busara huanza kupandisha mzigo mwezi mmoja na nusu kabla, kidogo kidogo, na siku nne au tano za mwisho huushusha: mazoezi mafupi, yenye kasi, kisha watoto wakapumzike.

Kupasha misuli moto nako kumegeuzwa kuwa mizunguko mitatu ya uwanja na kugusa vidole vya miguu. Kuna njia bora, tena haina gharama. Mpango wa FIFA 11+ unachukua dakika 20 hivi, na mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Norway kwa wachezaji wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17. Waliofuata mpango huo waliumia pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wenzao. Ndani yake kuna zoezi linaloweza kufanyika hata kwenye uwanja wa vumbi. Mchezaji anapiga magoti kwenye kipande cha nyasi au kanga iliyokunjwa, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nyuma kwa nguvu zake zote. Aliyepiga magoti ananyoosha mgongo kama ubao, kisha anaanza kuinamia mbele polepole, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja peke yake, mpaka nguvu zimwishie na kuidaka ardhi kwa mikono. Mara tatu hadi tano zinatosha kwa anayeanza. Wiki ya kwanza wote watacheka na kesho yake watatembea kama bata. Wiki ya sita watajizuia karibu mpaka chini, na hiyo ndiyo misuli inayochanika mchezaji anapotoka kasi dakika ya 80.

Wazazi wengi wanaogopa mazoezi ya nguvu kwa hofu kwamba mtoto atadumaa. Mazoezi ya kusukuma ardhi, kuchuchumaa na kubeba uzito mdogo chini ya usimamizi hayamdumazi mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki. Hatari ipo kwa kijana wa miaka 13 anayeingia jimu ya mtaani kushindana na mabaunsa kunyanyua vyuma.

Subira ina mfano wake Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 1976 aliletwa pale bruda Mwairishi, Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya St Patrick's. Riadha hakuwa ameisomea. Aliwatazama wavulana wakikimbia, akauliza maswali, na miaka ikaja kumfanya mwalimu wa mabingwa wa dunia. David Rudisha alipofika mikononi mwake akiwa kijana, alikuwa mtu wa mita 400 na mashindano ya michezo mingi. Mwalimu akaona mita 800 ndani ya zile hatua ndefu, lakini hakumkamua. Alimjengea mkao, mizani ya mwili na mpangilio wa hatua kwanza. Rudisha akawa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006, halafu mwaka 2009 mjini Berlin akatolewa kwenye nusu fainali. Mwaka uliofuata alivunja rekodi ya dunia mara mbili ndani ya wiki moja, na Agosti 9, 2012 mjini London akakimbia dakika 1 na sekunde 40.91, akiongoza tangu mwanzo. Baba yake, Daniel, alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya mbio za kupokezana kijiti, aliyoitwaa Mexico City mwaka uleule wa Akhwari.

Wapo wanaowahi, na makala inayoficha hilo itakuwa inadanganya. Emmanuel Wanyonyi alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana Nairobi mwaka 2021 akiwa na miaka 17, na miaka mitatu baadaye akawa bingwa wa Olimpiki mjini Paris. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18 tu. Lakini huyohuyo Kipchoge mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya Kenya, akalazimika kuhamia marathoni, na huko ndiko lilikokuwa jina lake kubwa. Na Alphonce Simbu wa Singida alisubiri miaka minane kati ya shaba yake ya London mwaka 2017 na dhahabu ya Tokyo Septemba 2025, ambayo aliipata kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42.

Usingizi ndio dawa rahisi na inayoibwa kuliko zote. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanafunzi wanamichezo wa Los Angeles waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ukilinganisha na waliolala za kutosha. Sasa tuangalie bweni la kawaida: masomo ya usiku yanakwisha saa nne, kelele zinatulia saa tano, kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri. Hizo ni saa tano na nusu. Mwalimu wa michezo akitaka kuongeza kasi ya timu bila kununua hata koni moja, aende ofisi ya mwalimu wa zamu akaombe kikosi kilale saa tatu katika wiki mbili za maandalizi. Nyumbani adui ni simu, na tiba yake ni kuichaji sebuleni.

Chakula hakihitaji unga wa protini wala vidonge vya kwenye makopo yenye picha za mabaunsa. Kijana anayekimbia kwa saa mbili jioni baada ya kunywa uji mtupu asubuhi na kula makande kidogo mchana atapungukiwa nguvu, naye kocha atasema hana moyo. Ugali na maharage, viazi vitamu, ndizi, dagaa, yai likipatikana, maziwa kwa wafugaji, ni chakula cha mwanamichezo kamili kikiwa cha kutosha, na kutosha kwake ni zaidi ya sahani ya mwenzake anayekaa kutazama. Kwa wasichana, madini ya chuma yana uzito wa pekee kwa sababu ya hedhi. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma cha kwenye maharage na mboga za majani. Ndimu au chungwa husaidia kukifyonza. Kusogeza kikombe cha chai mbele kwa saa moja au mbili hakugharimu kitu.

Hapo pana jambo ambalo makocha wengi wanaume wanaona haya kulisema. Msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo anaweza kukosa hedhi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua rasmi upungufu huo wa nishati, na kueleza kwamba wavulana nao hupatwa nao. Mwili usiopata chakula cha kutosha hufunga baadhi ya shughuli zake kama fundi anayezima taa za vyumba visivyotumika: hedhi inakatika, mifupa inapungua uimara, mtu anaugua mafua yasiyokwisha. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, au msichana akifika miaka 15 bila kuiona, aende kwa daktari. Wapo wanaosema kukata hedhi ni dalili ya mazoezi kukolea. Wanakosea, na mifupa ya binti ndiyo inayolipa. Penye kocha mwanamume, timu iwe na mwalimu wa kike, mlezi au hata dada mkubwa ambaye msichana anaweza kumwambia bila kutazama chini.

Mpaka hapa ni mwili, lakini kila kocha ameshamwona yule anayefunga mabao kumi mazoezini na siku ya mechi miguu inakuwa ya kuazima. Mchecheto. Mikono ya baridi, kwenda chooni mara tatu, mdomo mkavu. Kemikali zinazomwagika kwenye damu wakati huo ndizo zilezile zinazomsaidia mtu kumkimbia nyoka, na kwa kiasi fulani zinafaa. Mwaka 1908 Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson, wakiwapa panya kazi za kujifunza, waliona kwamba msukumo ukipanda utendaji nao unapanda, halafu kwenye kazi ngumu msukumo ukizidi utendaji unaporomoka. Watu wa mpira wanaijua hali hiyo bila panya, nao wana neno lake: kukamia. Timu iliyokamia inaingia uwanjani na misuli migumu, inabutua mipira, inakimbia hovyo dakika 20 za kwanza na kuishiwa pumzi kabla ya mapumziko. Hotuba ya kocha ya kupandisha mori inamfaa aliyezubaa. Kwa mtoto ambaye tayari anatetemeka, hotuba hiyo ni mafuta kwenye moto.

Kumwambia mtoto huyo atulie hakusaidii sana, kwa kuwa mwili uliokwisha kuchemka hauamriwi kupoa. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia kuwa wana hamu na jambo lililo mbele yao walifanya vizuri zaidi kuliko waliojilazimisha kutulia, katika kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu. Moyo unadunda vilevile kwa hofu na kwa hamu, jina tu limebadilika. Mtoto aambiwe kwamba kudunda huko ni mwili unapasha injini. Halafu apewe kitu cha kufanya: avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita, mara tano. Na awe na mpango wa dakika za kwanza ulio mwepesi kiasi kwamba hata kichwa kilichovurugika kinaukumbuka: pasi zangu tatu za mwanzo ni fupi.

Penati ni darasa zima la habari hii. Julai 11, 2021, kwenye fainali ya Kombe la Ulaya pale Wembley, penati ya mwisho ya Uingereza alipewa Bukayo Saka, kijana wa miaka 19. Kipa wa Italia akaidaka. Kocha aliyempa, Gareth Southgate, naye alikuwa amekosa penati kama hiyo mwaka 1996 palepale Wembley. Saka alitukanwa mitandaoni kwa rangi yake. Waliokuwa wamejazana kwenye vibanda umiza usiku ule wanakumbuka jinsi wachezaji wenzake walivyomkumbatia kabla hajafika pembeni. Miaka mitatu baadaye, Julai 6, 2024, dhidi ya Uswisi, alisawazisha ndani ya mechi, kisha kwenye penati akaenda tena na kufunga.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliyezitazama penati nyingi za mashindano makubwa, aliona kwamba wanaokimbilia kupiga mara filimbi inapolia hukosa zaidi. Wanataka mateso yaishe. Kinachofundishika hapo ni utaratibu usiobadilika: weka mpira mwenyewe, chagua kona kabla ya kurudi nyuma, pumua mara moja baada ya filimbi, nenda, na usibadili uamuzi njiani. Penati zifanyiwe mazoezi mwisho wa jioni, miguu ikiwa imechoka, timu nzima imejipanga mstari wa katikati inazomea. Kupiga penati 20 asubuhi peke yako na kipa anayepiga miayo ni mazoezi ya kitu kingine.

Nani anaamua kama mtoto atarudi uwanjani baada ya kukosa? Kwa kiasi kikubwa, ni sauti anayoisikia sekunde tano baada ya kosa. Wanasaikolojia Ronald Smith na Frank Smoll wa Seattle waliwafundisha makocha wa watoto wa mpira wa besiboli mambo machache: kusifu juhudi na siyo matokeo peke yake, kutia moyo mara kosa linapotokea, kueleza namna ya kusahihisha, kuacha matusi. Katika utafiti waliouchapisha na mwenzao mwaka 1992, msimu uliofuata asilimia 26 ya watoto waliofundishwa na makocha wa kawaida waliacha mchezo. Kwa makocha waliopata mafunzo, waliacha asilimia 5. Timu za makundi hayo mawili hazikupishana kwa ushindi.

Sauti ya pili ni ya mzazi, na saa yake mbaya kuliko zote ni njiani kurudi nyumbani. Baba anatembea mbele, mtoto nyuma na viatu begani, na uchambuzi unaanza kabla hawajavuka barabara: ungempasia yule, ungekimbia mapema. Mtoto anajua tayari. Baba angeuliza tu kama ana njaa, na uchambuzi ungoje mpaka mtoto auanzishe mwenyewe, pengine kesho, pengine asiuanzishe kabisa.

Kuna wakati lakini si mchecheto tena. Julai 2021 mjini Tokyo, Simone Biles wa Marekani alijiondoa kwenye fainali ya timu ya jimnastiki kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimepoteza hesabu ya mwili ukiwa hewani, jambo ambalo katika mchezo ule linaweza kuvunja shingo. Wengi walimwita mwoga. Paris 2024 alirudi na dhahabu tatu. Kijana anayepoteza hamu ya mchezo alioupenda kwa wiki kadhaa, asiyelala, anayejitenga, anayelia bila sababu au kusema hafai kitu, anahitaji mtu mzima wa kumsikiliza na pengine mtaalamu wa hospitali. Kuongezewa mizunguko ya uwanja hakumtibu.

Na hofu nyingine haitoki kichwani mwa mtoto hata kidogo. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa na miaka 19. Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake peke yao, na mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, hasa wanariadha. Binti akianza kushika fedha za mbio, huzungukwa haraka na watu wanaojiita kocha, wakala, mchumba. Mzazi na shule wana mambo ya kukagua: kambi ina mlezi mwanamke anayelala hapohapo, hakuna kocha anayeingia chumba cha watoto peke yake, akaunti ya benki ni ya mwanariadha mwenyewe, simu ya mtoto haikamatwi na mtu asiye mzazi. Kocha mzuri hatanuna akiulizwa.

Kwa mwalimu wa michezo mwenye watoto 30, mpira mmoja wenye upepo na muda mchache, yote haya yanaweza kuingia kwenye daftari la kurasa 48. Mmarekani Carl Foster alibuni njia isiyohitaji kifaa chochote. Mazoezi yakiisha, kila mtoto anaulizwa: kati ya moja na kumi, leo yalikuwa magumu kiasi gani? Namba hiyo inazidishwa kwa dakika. Dakika 60 zilizopewa 5 ni 300. Dakika zilezile zikipewa 8 ni 480. Pembeni yake mtoto anaandika saa alizolala na mahali panapomuuma, kama papo. Waulizwe mmojammoja na kwa sauti ya chini, la sivyo wote watajibu kama nahodha.

Wiki mbili za kwanza namba hazitakuwa na maana. Wiki ya tatu mwalimu ataanza kuona kwamba yule winga wa kushoto, ambaye wiki ya kwanza aliyapa mazoezi ya Jumanne 5, sasa mazoezi yaleyale anayapa 8, na kwenye safu ya usingizi kuna 6, 5, 6. Hapo anamwita kando, wakaegemea mwamba wa goli, na kumuuliza Jumapili alikuwa wapi. Alikuwa kwenye kombe la mbuzi, dakika 90 na za nyongeza. Basi leo winga anakaa na filimbi, anachezesha mechi ya wenzake.